Kinyozi Aliyeshika Kichwa

Vijana mnaoanza kazi yetu, mgonjwa akiingia chumbani kwenu ameweka mkono juu ya kichwa, msimpe pole ya msiba. Mpeni kiti, kisha mumuulize shingo inamuumaje. Nasema hivi kwa sababu siku Abdu kinyozi alipokuja kwangu mara ya kwanza, dada wa mapokezi alimshika bega, akampa pole, akamuuliza marehemu atazikwa wapi. Abdu akamjibu kwamba hakuna marehemu, ni mkono tu. Dada akaelewa kwamba marehemu alikatika mkono, akaanza kutokwa na machozi.

Mimi sasa nimestaafu. Miaka yangu ya kazi niliimalizia hapa Kilosa nikiwa mtaalamu wa fiziotherapia, na mara moja kwa wiki nilikuwa nakwenda Mikumi kuwaona wagonjwa wa huko. Watu waliniita Mama Mazoezi. Wengine waliniita mama wa kunyoosha, kana kwamba mimi ni pasi. Nilizoea.

Abdu alikuwa na banda la kunyolea Mikumi, kandokando ya barabara kuu, pale mabasi na malori yanaposimama watu wapate chakula. Kazi ya kinyozi mnaijua: kutwa nzima ameinamia kichwa cha mtu, mkono umeinuka. Jioni akifunga banda, anainamia simu. Shingo yake ilikuwa haijui kuna kitu kinaitwa kutazama mbele. Siku moja akiwa anamnyoa dereva wa lori, waya wa moto ukatoka shingoni, ukapita begani, ukashuka mpaka kwenye dole gumba, na mashine ikamdondoka. Akaiokota, ikadondoka tena. Dereva alikuwa na haraka, mzigo wake ulikuwa unasubiriwa Iringa, akaondoka na nusu ya nywele upande mmoja. Abdu aliniambia hilo ndilo lililomuuma kuliko mkono.

Alikuja na mke wake, Mwajuma, mwanamke wa maneno machache na vitendo vingi. Kabla sijauliza lolote, Mwajuma akafungua kifuko cha plastiki akamwaga mezani kwangu vitu mbalimbali: washa ya chuma ya kuwekea chini ya nati, kifuniko cha chupa, kipande cha mfuniko wa taa, na sidii iliyopasuka. Akanieleza kwamba daktari waliyemwona kwanza alisema diski ya shingo ya mume wake imetoka. Basi wamefagia nyumba yote, wametafuta uvunguni na bandani, na hivi ndivyo vyote vya duara vilivyopatikana. Akaniomba nichague ile yenyewe niirudishe.

Sikucheka. Na ninyi msicheke, maana mwenye kosa ni yule aliyesema imetoka bila kusema imetoka wapi ikaenda wapi. Nilimwambia Mwajuma kwamba kati ya pingili na pingili ya shingo kuna kitu laini, na akitaka kukielewa afikirie sambusa iliyobanwa kati ya sahani mbili. Ikibanwa vibaya kwa muda mrefu, pembe yake inapasuka na nyama inachungulia nje. Nyama hiyo ikigusa mshipa wa fahamu unaokwenda mkononi, mkono ndio unaolia, ingawa jambo lenyewe liko shingoni. Mwajuma akauliza ile nyama iliyochungulia itarudishwaje ndani.

"Mara nyingi hairudishwi," nikamwambia. "Mwili wenyewe unaila polepole, wiki kwa wiki, mpaka inasinyaa."

Akamtazama mume wake kwa muda, kama mtu aliyeambiwa ameolewa na fisi. Kisha akakusanya vitu vyake akavirudisha kifukoni, isipokuwa ile washa, ambayo alisema itafaa kwenye baiskeli.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Luoga, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, ambaye alikuwa haanzi kumgusa mgonjwa mpaka amtazame anavyokaa. Alinifundisha kwamba mtu mwenye mshipa uliobanwa shingoni mara nyingi hugundua mwenyewe kwamba akiweka kiganja utosini maumivu yanapungua, kwa sababu mshipa unalegea. Ukimwona mtu amekaa hivyo na uso wake umetulia, nusu ya jibu umeshaipata. Mzee Luoga huyohuyo, katika ujana wake, alikuwa akiwalaza watu kitandani wiki nzima, kichwa kimefungwa mkanda, mifuko ya mchanga inaning'inia upande wa pili ili ivute shingo. Baadaye wataalamu wakaona kulaza watu hivyo hakuna faida waliyoitegemea, naye akaifungua mifuko, akamwaga mchanga kwenye bustani ya hospitali, akasema tuanze upya. Sikuwahi kumwona akilalamika kwa kubadilishiwa njia. Alilalamika tu kwamba mchicha wake haukupenda ule mchanga.

Basi nikampima Abdu. Nilimwomba ageuze shingo na kuinamisha kichwa upande unaouma, waya ukawaka. Dole gumba na kidole cha pili vilikuwa na ganzi. Nilipomwambia akunje kiwiko nami nikimzuia, mkono mzima ulinishinda kabisa, lakini ule mgonjwa niliushinda mimi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Halafu nikamwuliza maswali ambayo msiache hata siku moja kuyauliza: miguu inalegea, anayumba akitembea, mkojo anauzuia, mkono unazidi kudhoofika siku hadi siku? Mtu akisema ndiyo hapo, acheni habari za mazoezi, apelekwe hospitali kubwa siku hiyohiyo. Abdu alisema hapana kwa yote, na alipotembea mbele yangu alitembea vizuri, mkono kichwani kama mtu anayeshikilia kofia kwenye upepo.

Hofu yake ilikuwa kisu. Ndugu walishamwambia atapasuliwa shingoni na hatainuka. Na hofu yake ya pili, aliyoisema baada ya Mwajuma kutoka nje, ilikuwa kwamba kinyozi ambaye mashine inamdondoka si kinyozi tena, na yeye hakujua kazi nyingine tangu ujana. Alisema hivyo akitazama vidole vyake. Nikamwambia wengi wenye shida kama yake hupona bila kisu, ila hupona taratibu, na kazi yetu ni kuilinda shingo wakati mwili unafanya yake. Tulipanga mambo. Dawa za maumivu alizopewa na daktari ameze kama alivyoelekezwa. Asibebe kitu kichwani. Asilale kifudifudi. Mto uwe wa kiasi, shingo isipinde juu wala chini. Kama mto ni mwembamba akunje kanga aiweke chini yake. Atembee kila siku. Arudishe kidevu nyuma polepole, kama mtu anayekwepa kijiko cha dawa chungu, kisha apumzike. Simu aizime, aiweke mbali, maana ndiyo iliyokuwa inamwinamisha. Na mkono ukimzidi, auweke kichwani akae hivyo bila aibu, popote alipo.

Abdu alikuwa mtu mtiifu. Alifuata yote.

Sasa mnajua kwetu mkono kichwani maana yake nini. Mtoto akijishika kichwa, mama anamkataza, anamwambia anaita mkosi. Mtu mzima akisimama barabarani ameshika kichwa, kuna maiti ndani. Abdu alifunga banda lake, akakaa nje kwenye benchi, mkono utosini, simu imezimwa, akitazama mbele kama nilivyomwelekeza. Basi moja likapita, na ndani yake mlikuwa na jirani wa Kibwana, mjomba wake Abdu anayekaa Lumuma. Jirani akaona banda limefungwa na Abdu ameshika kichwa. Akapiga simu Lumuma.

Mjomba Kibwana akampigia Abdu, simu imezimwa. Akampigia baba yake Abdu, Mzee Chamwela, anayekaa Tindiga. Nayo imezimwa, kwa sababu Mzee alikuwa ameiacha dukani ipate chaji akaenda zake shambani kwenye mpunga. Kibwana akafikiri: kwa Abdu hakuna mtu mzima wa kufa ila baba yake, na simu ya marehemu huzimwa. Akakodi Fuso. Likajaa ndugu, mikeka, masufuria na mchele, wakateremka Tindiga.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Mzee Chamwela mwenyewe, na kila aliposimulia alikuwa anasimama ili aonyeshe. Majirani wa Tindiga waliona Fuso linaingia na akina mama wanalia. Wao walikuwa wamemwona Mzee asubuhi anakwenda shambani mzima, lakini walisema ndugu wa Lumuma hawawezi kulia bure, lazima wana habari. Ndugu wa Lumuma nao waliona majirani wanaleta turubai na kuni, wakasema basi ni kweli. Hakuna aliyeuliza. Ungemuulizaje mtu anayelia kwamba analia nini? Wakakaa wakaanza kumsema Mzee kwa wema. Mmoja akakumbuka alivyowavusha watu wakati wa mafuriko. Mwingine akasema hakuna mtu aliyekuwa mkweli kama yule, na huyo aliyesema walikuwa na ugomvi naye wa mpaka wa shamba tangu zamani.

Mzee alirudi kutoka shambani na jembe begani. Akaona turubai nyumbani kwake, akaona shemeji yake Kibwana, akaona sufuria kubwa jikoni. Alijua mwanawe anaumwa. Akaweka jembe chini, akaketi nyuma ya umati kwenye ukingo wa mkeka, akaweka mikono yote miwili kichwani. Mama mmoja aliyekuwa karibu akamwambia pole, naye akajibu amepoa, na wakaendelea kulia pamoja mpaka Kibwana alipogeuka.

Mzee akamuuliza kwa sauti ya chini, "Amefia wapi?"

"Nani?"

"Mwanangu."

"Habari za mwanao hatuna," Kibwana akasema. "Sisi tumekuja kwa ajili yako."

Mzee aliniambia ilimchukua muda kulielewa hilo jibu. Alipolielewa, alifurahi sana, si kwa ajili yake, kwa ajili ya Abdu. Halafu akamwomba yule jirani wa mpaka wa shamba arudie alichokuwa anakisema.

Wakati huohuo, habari ya msiba Tindiga ilikuwa imefika Mikumi kwenye simu ya Mwajuma, bila jina la aliyekufa. Yeye na Abdu wakapanda basi mpaka Kilosa, na kutoka Kilosa wakapanda bodaboda. Mwajuma akanipigia kabla hawajaondoka stendi, akaniambia wanakwenda kuzika, na barabara ile ilivyo anaogopa shingo itavunjikia njiani. Sikuwa na mgonjwa mchana ule. Nikachukua kola laini ya shingo, nikatafuta bodaboda yangu, nikawafuata. Kama hamjapita njia ya Tindiga baada ya mvua, siwezi kuwaeleza, ila mimi mwenyewe nilifika nikiwa nahitaji fiziotherapia.

Nilipofika, jambo la nani amekufa lilikuwa limekwisha. Watu walikuwa wamejua hakuna maiti. Lakini wameshakusanyika, wali unaiva, na nguvu za kufanya jambo bado zipo. Abdu alikuwa ameingia mkono kichwani, baba yake akamkumbatia, na Mjomba Kibwana alipoambiwa kwamba shida ni shingo, akakunja mikono ya kanzu. Sikujua mpaka siku ile kwamba Kibwana alisifika Lumuma kwa kunyoosha shingo za watu. Alikuwa akiwalaza chini, anavuta kwa nguvu, anazungusha kwa ghafla mpaka usikike mlio.

Nilimkuta Abdu amelazwa chali kwenye mkeka chini ya turubai. Wanaume wameshika miguu. Kibwana amepiga magoti nyuma ya kichwa, mikono imeshakamata taya na kisogo. Abdu alikuwa ananitazama kwa macho tu, kwa sababu ni mjomba wake, na mjomba hakatazwi mbele za watu.

Vijana, hapo nisikilizeni. Shingo yenye diski iliyochomoza na mkono uliokwisha dhoofika ikizungushwa kwa ghafla, ile nyama inaweza kusukumwa kwenye uti wa mgongo wenyewe, na mtu aliyekuja kwa miguu asiondoke kwa miguu. Nilikuwa na muda wa pumzi moja. Ningesema acha, angevuta ili kunionyesha. Nilikuwa nimeshawaona wanaume wa namna hiyo. Basi nikavua viatu, nikapanda mkekani, nikapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

Mikono ikasimama, maana shikamoo haiachwi bila jibu. "Marahaba," akasema.

Nikamwambia mimi ndiye ninayemtibu mtoto wake, na nimekuja kutoka Kilosa kwa sababu nimekosa mikono. Yangu midogo, inachoka. Nimesikia yeye ana mikono inayojulikana. Nikamwomba anisaidie, ila kwa namna yangu, kwa sababu dawa ya ugonjwa huu inataka mkono unaojua kuzuia nguvu zake, na huo ni mgumu kuupata kuliko mkono wa kuvuta.

Aliniangalia. Akaangalia watu. "Nielekeze," akasema.

Nikawaomba walioshika miguu waiachie. Nikavipanga vidole vya Kibwana chini ya kisogo, kimoja kimoja, nikaviondoa kwenye taya. Nikamwambia avute kuelekea kwake kidogo sana, kama anayetoa yai chini ya kuku aliyelala, asipinde, asizungushe, na nikisema pumzika apumzike. Alivuta. Alikuwa na mikono mizuri, haki yake nampa. Uso wake ulitoka jasho kuliko siku zake zote za kuvuta kwa nguvu. Watu wote chini ya turubai walinyamaza, hata jikoni waliacha kupakua, kwa sababu walikuwa wanasubiri mlio.

Mlio haukuja. Kilichokuja ni kwamba Abdu alivuta pumzi ndefu, na mkono ule uliokuwa utosini ukateleza wenyewe, ukashuka, ukalala juu ya mkeka. Alikuwa ameusahau. Mwajuma ndiye aliyeuona kwanza. Alikaa karibu nao akaufunika na upande wa kanga yake, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

Nisiwadanganye: Fuso lilipoondoka jioni, mkono ulikuwa umesharudi kichwani. Ugonjwa huu hauponi kwa siku moja wala kwa mikono ya mtu mmoja. Kibwana alitaka kujua ni kitu gani kile, na akiwa na mgonjwa mwingine afanyeje, nikamwambia amtume kwangu kwanza nimwangalie miguu. Alituma wengi. Alikuwa anawatuma na maelekezo yake mwenyewe, kwamba wakifika wanipe shikamoo mara mbili, moja kwa niaba yake. Mimi nilikuwa namwamkia yeye, na wagonjwa wake wazee kuliko mimi walikuwa wananiamkia mimi, nami sikujua pa kuficha uso.

Abdu aliendelea na kidevu chake, mto wake na matembezi yake. Wiki zilipita maumivu yakarudi juu, kutoka kwenye kidole hadi kiwiko, kutoka kiwiko hadi bega. Hiyo ni dalili nzuri, ikumbukeni, maumivu yanapokusanyika kuelekea shingoni. Tukaongeza mazoezi ya nguvu, akaanza kukunja kiwiko na dumu la maji lisilojaa. Ganzi ya dole gumba ilichelewa kuliko vyote. Tulipandisha kiti cha bandani kwa matofali ili asiwainamie wateja, na kioo nacho tukakipandisha.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko diski. Hakuna aliyetaka kunyolewa naye. Mikumi nzima ilikuwa inajua kwamba mashine inamdondoka. Alifungua banda, akakaa na shuka lake safi begani, na watu wakampa salamu wakapita. Nilikuwepo siku ambayo Mzee Chamwela alikuja kutoka Tindiga bila kutoa taarifa. Abdu akamwamkia, Mzee akaitikia, akapanda kile kiti kirefu kwa shida, akavua kofia.

Abdu akamwambia baba yake asubiri kidogo, mkono bado haujawa na uhakika, atanyolewa na jirani.

"Mimi nilishaliliwa," Mzee akasema. "Ninyoe."

Akanyoa. Aliipeleka mashine polepole kutoka kisogoni kwenda juu, anapumzika, anafungua na kufunga vidole, anaendelea. Mzee alikuwa amefumba macho na hakutikisika hata nzi alipomtua puani. Watu wawili watatu wakasogea mlangoni wakijifanya wanaangalia mabasi. Abdu alipomaliza alifuta kichwa cha baba yake kwa kitambaa, akazima mashine, akaiweka mezani kwa mkono uleule, na mmoja wa wale wa mlangoni akaingia akaketi kusubiri zamu.

Nilimsindikiza Mzee mpaka lilipokuwa basi la Kilosa. Njiani alijipapasa kichwa, akasimama, vidole vyake vikiwa nyuma ya sikio la kushoto. Akanigeuzia upande huo. Kulikuwa na shungi la nywele limebaki pale, refu kabisa, kama majani yaliyosahauliwa na jembe.

"Huku ameacha," akaniambia. "Usimwambie."

Akavaa kofia yake, akaishusha upande ule, akapanda basi.